Unyenyekevu na upole kwa Mkristo maana yake nini hasa?

Dodoma ni mji wa waheshimiwa. Ukikaa hapa masikio yanazoea tu, mheshimiwa huyu mheshimiwa yule, Bunge likiwa linaendelea ndo kabisa, na makanisani nako hatujabaki nyuma maana kuna mtumishi, mzee wa kanisa, mama mchungaji, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na kila mmoja ana kiti chake na ole wako ukikikalia. Kwa hiyo hili somo la unyenyekevu na upole linatuhusu sana, alafu ndo somo ambalo wengi tunalielewa ndivyo sivyo. Unasikia mtu anasifiwa "huyu kaka mpole kweli" kumbe ni aibu zake tu, hajui aanzie wapi kuongea na watu.

Tuanze na maana. Unyenyekevu ni vile unavyojiweka moyoni mwako mbele za Mungu na mbele ya wenzako. Upole ni vile unavyotumia uwezo ulionao, iwe cheo, hela, mdomo, misuli au hata haki yako tu, pale mtu anapokuudhi au anapokuwa yuko chini yako. Moja liko ndani na lingine ndo watu wanaliona, na ndo maana Biblia inapenda kuyataja kwa pamoja. Yesu kwenye Mathayo 11:29 anasema mjifunze kwangu, kwa kuwa mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo. Paulo naye kwenye Waefeso 4:2 anayaunganisha, anaongezea uvumilivu na kuchukuliana katika upendo, na hapo mstari wa kwanza anajiita mfungwa, yaani anaandika akiwa kwenye minyororo na bado anawahimiza wengine wavumiliane.

Mzizi wa unyenyekevu mimi nauona kwenye 1 Wakorintho 4:7, pale Paulo anapouliza una nini usichokipokea. Akili ulipewa, afya ulipewa, hata hiyo sauti unayoringia kwenye kwaya hukuitengeneza wewe. Mtu akilishika hilo hana haja ya kujidharau. Fundi cherehani anayejua kazi yake akisema "mimi sijui kitu jamani" huo ni uongo, tena wakati mwingine anautega asifiwe zaidi. Warumi 12:3 inasema mtu awe na nia ya kiasi, yaani ujijue ulivyo, usizidishe. Kuna watu wanaomba kanisani "mimi ni mavumbi Bwana, mimi si kitu" alafu mshereheshaji akisahau kutaja cheo chao kwenye harusi hawali hata chakula.

Sasa upole. Hapa nimchukue Musa, maana Hesabu 12:3 inasema alikuwa mpole kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi. Ni huyu huyu aliyesimama mbele ya Farao mara kibao, akashuka mlimani akakuta watu wanacheza mbele ya ndama akazivunja zile mbao za mawe, kwa hiyo kama kwako mpole ni mtu asiyeweza kukasirika basi Musa anakuharibia hesabu. Ukisoma hiyo sura ya 12 yote ndo utaelewa. Dada yake Miriamu na kaka yake Haruni wanamsema kwa ajili ya mke wake Mkushi, na kumbe chini yake kuna wivu wa uongozi, wanasema kwani Mungu amenena na Musa peke yake? Musa hajibu kitu. Mungu ndo anaingilia, Miriamu anapigwa ukoma, na sasa Musa ana nafasi nzuri kabisa ya kukaa pembeni aseme umeyataka mwenyewe. Anamlilia Mungu amponye. Miriamu anatengwa nje ya kambi siku 7 na watu hawaondoki mpaka arudishwe. Huo ndo upole wenyewe, umeshika mpini na hukati.

Na Biblia haifichi siku alipoteleza. Hesabu 20, watu wanalalamika hakuna maji, Mungu anamwambia auambie mwamba, yeye anawafokea "enyi waasi" na kuupiga mwamba mara mbili kwa fimbo. Maji yakatoka, watu wakanywa, mifugo ikanywa. Ila Musa hakuingia Kanaani. Sehemu hii huwa inanitisha kidogo, maana huduma inaweza kuendelea kutoa maji huku mhudumu mwenyewe ameshaharibu.

Tukija kwenye maisha ya hapa kwetu, chukua mwenye nyumba. Tangu serikali ihamie Dodoma wapangaji ni wengi na wenye nyumba wanajua wana nguvu. Mwenye nyumba Mkristo haijasemwa asidai kodi yake. Mkataba ni mkataba. Ila mpangaji akichelewa, je unamwita pembeni mkaongea mkakubaliana tarehe, au unasimama uwanjani saa kumi na mbili asubuhi unamtangaza mbele ya wanae na majirani? Hela ni ile ile. Vivyo hivyo kwa dada wa kazi aliyevunja sahani, kwa bodaboda aliyepitiliza kona Nkuhungu, kwa mhudumu aliyekuletea chipsi ukiwa umeagiza ugali. Hapo ndo utajua kama mtu ni mpole. Mbele ya bosi wote tuko wapole.

Kuna kitu lazima nikiseme hapa maana kinakera. Makanisani neno "nyenyekea" limekuwa linarushwa kwa walio chini tu. Kijana akiuliza mapato na matumizi ya harambee anaambiwa hana unyenyekevu, na mstari unatajwa, 1 Petro 5:5, vijana watiini wazee. Sawa, umeandikwa. Ila mstari huo huo unaendelea unasema ninyi nyote jifungeni unyenyekevu, nyote, na mistari miwili mitatu juu yake wazee wameambiwa wasijifanye mabwana juu ya kundi na wala wasichunge kwa kutaka fedha ya aibu. Angalia na Wafilipi 2, mfano unaotolewa pale ni wa Yesu aliyekuwa juu kabisa akashuka mpaka msalabani. Yohana 13 aliyeosha miguu ni mwalimu. Yaani mwenye cheo ndo anatangulia.

Baya zaidi ni pale mama anapigwa nyumbani na anaambiwa awe mpole, avumilie, ni msalaba wake. Hapana. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, kama nimesema vema wanipigia nini? Paulo na Sila kule Filipi walichapwa bila kuhukumiwa, kesho yake wakubwa wakataka watoke kimya kimya, Paulo akagoma, akasema sisi ni Warumi, waje wenyewe watutoe, na wakaja wakawasihi. Baadae akakata rufaa mpaka kwa Kaisari. Kwa hiyo mama kwenda polisi dawati la jinsia, au mzee kufungua kesi ya kiwanja chake alichouziwa mtu mwingine, hakuna upole uliovunjwa hapo. Unaweza kudai haki yako yote bila tusi na bila kumtakia mwenzio aangamie, ni ngumu ila inawezekana.

Mwisho ni hii ya mitandao. Magrupu ya WhatsApp ya Wakristo ukiingia siku inajadiliwa Sabato, au ubatizo wa maji mengi na machache, unaweza kudhani ni mechi ya Simba na Yanga. Petro alisema tuwe tayari kumjibu kila mtu anayeuliza habari za tumaini letu, ila akaongeza kwa upole na kwa hofu, na 2 Timotheo 2:24-25 inasema mtumwa wa Bwana asiwe mgomvi, awaonye kwa upole wanaoshindana naye. Haijasema akae kimya wala akubaliane nao. Ajibu hoja, aweke mistari yake, na mwenzake akipatia mahali amwambie hapo umepatia. Wa hivyo wapo, ila huwa meseji zao zinapitwa haraka kwa sababu hazina kelele.