Maji ya kisima jirani na karakana: kuchemsha hakutoshi

Maswali haya ni ya kina mama wa mwambao wa Mtwara wanaochota maji karibu na karakana na mahali betri zinapovunjwa.

Maji yetu meupe, hayanuki. Sumu itoke wapi?
Risasi, ile metali nzito ya kwenye betri, ikishaingia majini haionekani, hainuki, haina ladha. Watu huogopa maji mekundu, ambayo mara nyingi ni kutu ya chuma, wakayaamini meupe. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za risasi kwa lita: gramu moja tu katika ndoo 5,000 za lita 20.

Inafikaje kisimani?
Nilimkuta kijana pwani ya Mikindani akivunja betri kuukuu ya gari apate risasi ya kusubu chubwi, yaani vizito, za nyavu. Tindikali aliimwaga mchangani, hatua chache tu kutoka kisimani, kisha akatia vibao vya risasi kwenye kopo juu ya moto. Anatafuta riziki, simlaumu. Lakini tindikali ile imebeba risasi, na mchanga hupitisha maji upesi. Vumbi la moshi nalo hutua juu ya mabati, mvua ikilisukuma hadi kwenye pipa la maji.

Nikichemsha au nikitia WaterGuard, dawa ya klorini ya kuua vijidudu?
Endelea, maana kipindupindu bado kipo. Ila risasi si kijidudu. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale. Kuchuja kwa kitambaa hakufui dafu.

Kwa nini watoto hasa?
Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na ubongo ukishadhurika haurudi ulivyokuwa. Maumivu ya tumbo, choo kigumu na upungufu wa damu hudhaniwa minyoo. Mtoto akimeza dawa ya minyoo asipate nafuu, mwambie daktari mnaishi jirani na betri, naye aulizie kipimo cha risasi kwenye damu.

Tuanzie wapi?
Na uji wa mtoto: maji yake yatoke kwingine, leo hii. Kisima cha mashaka kibaki cha kufulia. Ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, iombeni ipime metali nzito, na mtaje hivyo hivyo, kwa sababu kipimo cha vijidudu hakioni risasi. Dagaa waliwao na miba yao na mboga za majani hupunguza kiasi kinachofyonzwa. Yule kijana wa chubwi naye afuatwe, aelezwe kabla hajavunja betri nyingine.