Matangi ya katamarani: yachore kabla ya kuta

Anayejiundia katamarani, yaani chombo cha miili miwili iliyounganishwa sambamba, mara nyingi huanza na vitanda na jiko, kisha matangi yakatafutiwa upenyo uliobaki. Mimi huanza na matangi, maana huo ndio mzigo unaobadilika uzito kila siku safarini. Miili ya katamarani ni myembamba. Chombo cha mita 10 kinacholalia maji kwa eneo la mita za mraba 10 hivi huzama sentimita 1 kwa kila kilo 100. Mzigo huohuo ukiusogeza omoni, omo hudidimia na tezi hunyanyuka. Kwa hiyo maji na mafuta hukaa katikati ya chombo, chini kabisa, nusu kwa nusu kila mwili.

Hesabu ya maji ni nyepesi: watu 4, siku 10, lita 5 kwa kila mtu kwa siku, vyombo vikioshwa kwa maji ya bahari. Hizo ni lita 200. Ongeza theluthi ya akiba, upate matangi mawili ya lita 135.

Kishawishi kinachofuata ni kuyaunganisha kwa bomba moja ili yajisawazishe yenyewe. Sawa, ila valvu iwepo kila upande, na zifungwe kabla ya kung'oa nanga. Matangi yaliyoachana mita 4, chombo kikiinama nyuzi 5 tu, hupishana kimo kwa sentimita 35. Maji yote huhamia upande uliolala, chombo kinazidi kulala, na yakizidi hutokea kwenye bomba la hewa. Dizeli hufanya vivyo hivyo, na hiyo huishia kwenye ngama.

Ndani ya kila tangi weka bati zenye matundu, kila sentimita 45 hivi, zikate wimbi. Juu acha mlango wa kupitisha mkono mpaka kila pembe. Tangi lisilofikika halisafishwi, basi.

Kwa dizeli, kila injini na tangi lake. Injini moja ikila lita 2.5 kwa saa kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, maili 100 ni lita 50, hivyo lita 80 kila upande zinatosha. Bati lililopakwa zinki usilitumie, zinki hushambuliwa na dizeli. Bomba la kunyonya liishie sentimita 2 juu ya sakafu ya tangi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, maji hujikusanya chini, na humo ndimo huota vijidudu vinavyoziba chujio. Weka shimo la kuchuruzia mahali pa chini kabisa, na chujio la kutenganisha maji kabla ya injini.

Tangi la choo ni kinyume: hilo liwe juu ya mstari wa maji, lijimwage lenyewe kupitia mpira wa milimita 38 na valvu ya mwilini, bila pampu. Watu 4, mara 5 kwa siku, lita 2 kila mara, ni lita 40. Tangi la lita 80 ni siku mbili. Usibane maji ya kuvuta choo: mita moja ya mpira huo hubeba lita 1.1, na mkojo ukilala humo pamoja na maji ya bahari hujenga chokaa mpaka njia inaziba. Bomba la hewa lisipungue milimita 25. Likiwa jembamba, hewa haiingii na uvundo hauishi.