Zimamoto wa kujitolea wa miji midogo ya Marekani: yanayosemwa na yaliyokuwa

Masimulizi mengi kuhusu zimamoto wa kujitolea wa Marekani yalizaliwa Philadelphia, Boston na New York, kisha yakabandikwa kwa kila mji mdogo. Katika mji mdogo, kilichowanyima watu usingizi kilikuwa pesa na maji.

“Kikosi kikiitwa kampuni, basi ni biashara.”
Neno hilo hapa lina maana ya zamani ya kundi la watu wanaohudumia mtambo mmoja, sawa na kombania ya jeshini. Hadi leo, katika majimbo kama Pennsylvania, vikosi vingi ni vyama vilivyosajiliwa visivyogawana faida, na mara nyingi jengo na magari ni mali ya chama chenyewe. Ndiyo maana utawakuta wakiendesha bingo na kupika vyakula vya kuchangisha fedha. Wala si masalia ya kale: takriban thuluthi mbili ya zimamoto wote wa Marekani bado hawalipwi mshahara.

“Kikosi cha kwanza kilianzishwa na Benjamin Franklin.”
Union Fire Company ya Philadelphia ilianza tarehe 7 Desemba 1736. Boston ilikuwa na pampu iliyoletwa kutoka Uingereza, pamoja na watu wa kuiendesha, tangu miaka ya 1670, na mwaka 1717 wakazi wake waliunda chama cha kuokoleana mali. Sifa ya Franklin iko kwenye kanuni zilizoandikwa. Kila mwanachama aliweka tayari ndoo zake za ngozi na mifuko ya kubebea vitu vilivyookolewa, na aliyekosa mkutano alitozwa faini. Wanachama walikuwa 30 tu. Aliyetaka kuingia baada ya hapo alishauriwa aanzishe kikosi kingine. Mtindo huo ndio ulioenea.

“Mwaka uliochongwa juu ya mlango ndio wa kuanzishwa.”
Huenda ni mwaka wa mkutano wa kwanza, wa kununua pampu, wa kusajiliwa, au wa kujenga jengo lenyewe. Linganisha daftari la mihtasari, hati ya usajili na hati ya kiwanja kabla ya kuandaa sherehe ya miaka 150.

“Nyumba isiyo na kibao cha bima iliachwa iungue.”
Hadithi tamu, ushahidi haba. Vibao vipo kweli: Philadelphia Contributionship, bima ya mwaka 1752, ilitumia mikono minne iliyoshikana. Kibao kilitangaza bima na kuonyesha kwamba huenda kuna zawadi kwa waliouzima moto. Lakini katika mji wa nyumba za mbao zilizobanana, kuacha moja iungue ni kuhatarisha mtaa mzima.

“Siku zote kulikuwa na farasi.”
Pampu za mkono zilivutwa na watu kwa kamba. Farasi walihitajika hasa baada ya pampu za mvuke, zenye uzito wa tani kadhaa. Cincinnati ilianza kikosi cha kulipwa chenye mvuke tarehe 1 Aprili 1853. Kulisha farasi mwaka mzima ni gharama, na baadhi ya miji midogo ilitoka kwenye kamba moja kwa moja hadi kwenye injini ya petroli.

“Mnara ni wa kengele tu.”
Mnara mara nyingi ulikuwa pia wa kukaushia mipira ya kupitishia maji. Mpira wa pamba ukikunjwa ukiwa na unyevu huota ukungu, huoza, kisha hupasuka siku ya kazi. Kipande kimoja kina futi 50, yaani mita 15, hivyo kilihitaji kimo cha kutosha kuning’inia.

“Gari likifika, maji yapo.”
Fanya hesabu. Tangi la galoni 1,000 lina lita 3,800 hivi. Mpira mmoja unaotoa lita 570 kwa dakika hulimaliza kabla ya dakika saba. Pasipo mabomba ya barabarani, maji huletwa na magari ya matangi na kumwagwa kwenye bwawa la turubai, au hunyonywa mtoni.

Kunyonya nako kuna dhana yake, kwamba pampu huvuta maji. Pampu hutoa hewa tu; kanieneo ya hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma juu. Kinadharia mwisho wake ni mita 10 hivi usawa wa bahari. Kazini, tegemea sita au saba. Funga vali zote, kagua washa (pete za kuzuia kuvuja) za kila kiungo, kisha toa hewa. Ikipita nusu dakika maji hayajashika, simama utafute pa kuvujia: washa iliyokauka, au vali ndogo ya kutolea maji iliyosahaulika wazi. Chujio la mwisho wa mpira wa kunyonyea liwe na sentimita 60 za maji juu yake na chini yake. Likikaribia uso, kizingia cha maji huingiza hewa. Likigusa tope, huziba.

“Mji jirani ukija, mnaunganisha tu.”
Februari 1904 Baltimore iliungua, na vikosi vya miji mingine vilikuta hesi (mizunguko kama ya skrubu) za mipira yao haziingiani na mabomba ya pale. Baadaye kikawekwa kipimo cha taifa: hesi 7.5 kwa inchi kwenye kiungo cha inchi 2.5. Si miji yote iliyobadilisha, kwa hiyo magari mengi bado hubeba viungo vya kuoanisha.