Pengo la kinga: kwa nini mtoto wa mbwa huchanjwa zaidi ya mara moja

Pengo la kinga ni kipindi ambacho kingamwili alizopewa mtoto wa mbwa na mama yake zimeshapungua kiasi cha kushindwa kuzuia ugonjwa, lakini bado zinatosha kuizima chanjo. Katika kipindi hicho mtoto anaweza kuchomwa chanjo nzuri, na daktari wa mifugo anayejua kazi yake, na bado parvo, ugonjwa hatari wa virusi wa kutapika na kuharisha, ikamkamata siku chache baadaye. Anayelielewa pengo hili ataelewa ratiba nzima ya chanjo, na hasa kwa nini dozi ya wiki ya 16 haitakiwi kukosekana.

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Kingamwili huzipata kwa kunyonya dang'a, maziwa ya mwanzo kabisa, na utumbo wake huziruhusu kupita kwenda kwenye damu ndani ya saa 24 za kwanza tu. Mdogo aliyesukumwa na wenzake akachelewa kupata chuchu huondoka na chache. Aliyewahi akashiba hupata nyingi. Kuanzia hapo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 10 hivi. Ndiyo maana katika watoto wa uzao mmoja, mmoja anaweza kubaki wazi kwa ugonjwa akiwa na wiki 7, na nduguye akaendelea kuikataa chanjo mpaka karibu wiki ya 15. Kwa macho hutawatofautisha: wote wanakula, wanacheza, wananenepa.

Chanjo ya parvo, distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na neva) na homa ya ini ya mbwa kwa kawaida hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Ili ifanye kazi, virusi hivyo lazima viongezeke kidogo mwilini, mwili uvitambue, kisha utengeneze kingamwili zake wenyewe. Zile za mama zikivikuta, huvimaliza kabla mwili haujajifunza kitu. Virusi vya mtaani ni vikali na huja vingi kwa mara moja, kwa hiyo hupenya mapema zaidi kuliko vile vya chanjo.

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea. Hudhani dozi ya kwanza imeshamkinga mtoto, na zinazofuata ni za kuongezea nguvu tu, hivyo akikosa moja hakuna neno. Ukweli ni kwamba kila dozi ni jaribio jipya la kuikuta siku ambayo kinga ya mama imeondoka, kwa kuwa siku hiyo haijulikani. Dozi ya wiki ya 8 inaweza kuwa haikushika kabisa. Ya wiki ya 12 nayo vilevile. Ya wiki ya 16 au baada yake ndiyo huwakuta karibu wote wakiwa tayari kuipokea.

Basi ratiba huenda hivi: anza kati ya wiki ya 6 na ya 8, rudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho iwe wiki ya 16 au zaidi. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, wiki ya 8, 12 na 16 inatosha. Kama jirani ameuguza mbwa wa parvo, au mtaa una mbwa wengi wanaozurura, bora 6, 9, 12 na 16. Akifika miezi 6 achomwe nyingine, ili yule mmoja mmoja aliyekuwa bado hajapokea asisubiri mpaka mwaka. Baada ya hapo magonjwa hayo matatu hurudiwa kila miaka 3.

Leptospira, ugonjwa wa bakteria, ina utaratibu wake. Chanjo yake ni ya vijidudu vilivyouawa, kwa hiyo inahitaji dozi 2 zinazopishana wiki 2 hadi 4, kisha kila mwaka. Huu ndio ugonjwa uliotangazwa nchini mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda, baada ya watu kuugua mkoani Lindi. Huenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, na masika ya Dar, madimbwi yakijaa kila uchochoro, huusambaza vizuri mno. Usiiruke.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12, hurudiwa baada ya mwaka, na hapa kwetu huendelea kila mwaka. Kampeni ya afisa mifugo ikipita mtaani kwenu na mtoto hajafika umri huo, mpeleke tu achanjwe, kisha arudiwe akishafikisha wiki 12.

Siku ya sindano, tazama vichupa. Kimoja kina kitonge kikavu cheupe chini, kingine kina maji ya kuchanganyia. Daktari huvuta maji, huyaingiza kwenye kitonge, hutikisa taratibu mpaka kiyeyuke chote, kisha huchoma chini ya ngozi bila kukawia, maana chanjo iliyokwisha kuchanganywa huharibika haraka. Dozi ni kichupa kizima, kwa kawaida mililita 1, awe mbwa wa kilo 2 au wa kilo 12. Kugawa kichupa kimoja kwa watoto wawili ili kupunguza gharama ni kuwaacha wote wawili kwenye hatari. Omba vibandiko vya vichupa vyote viwili vibandikwe kwenye kadi, vikiwa na namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda.

Joto ndilo adui mkubwa wa chanjo katika mji huu. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani mpaka kwenye bomba la sindano. Chanjo iliyokaa kwenye mfuko ndani ya daladala mchana wa Februari, au kwenye friji iliyozimika umeme usiku kucha, haibadiliki rangi wala harufu. Huingia mwilini kama maji tu. Kuigandisha nako huiharibu ile ya vijidudu vilivyouawa. Muulize daktari anafanyaje umeme unapokatika. Ni swali la haki.

Mtoto mwenye homa, anayetapika au kuharisha asichanjwe siku hiyo. Akishachomwa, kaeni hapo nusu saa. Uso ukivimba, akitapika mfululizo au akilegea, daktari yupo karibu. Kuchoka kidogo na kukosa hamu ya chakula kwa siku moja ni kawaida.

Muuzaji akikuambia mtoto wa wiki 8 "ameshamaliza chanjo zote", haiwezekani kwa umri huo. Soma kadi, hesabu wiki tangu azaliwe, uendelee palipobaki.

Mpaka wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, mtoto aishie getini. Kwa daktari mbebe mikononi au kwenye boksi, asiguse sakafu. Usimtembeze Coco Beach wala kwenye majalala. Lakini pia usimfungie: umri huo ndio wa kuzoea watu, sauti na mbwa wengine, basi aonane na wageni wanaonawa mikono, na mbwa wazima waliochanjwa. Viatu vivuliwe nje. Kama mbwa aliwahi kufa kwa parvo hapo kwako, virusi hukaa kwenye mazingira kwa miezi mingi, na spiriti haiviwezi. Osha sakafu kwa sabuni kwanza, ndipo umwage jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iache dakika 10 kabla ya kusuuza. Udongo wa uani hauoshiki kwa njia hiyo. Eneo hilo asilikanyage kwanza.

Mbwa anayeletwa akiwa ameshapita wiki 16 na hana kadi, pengo limeshafungwa. Huyo dozi 2 za chanjo ya mchanganyiko (ile inayokinga magonjwa kadhaa kwa sindano moja) zinazopishana wiki 2 hadi 4, na ya kichaa siku ya kwanza, zinamtosha kwa mwaka wake wa kwanza.