Je, wajua kwa nini kifaranga wa bata humwogopa mwewe ambaye hajawahi kumwona?

Jibu fupi: kwa sababu hajawahi kumwona.

Najua linasikika kama kejeli. Mimi mwenyewe kwa miaka nilikuwa na jibu jingine, tena nikiwagawia watu bila kuombwa: kwamba bata huzaliwa na picha ya mwewe kichwani, kama simu inayotoka dukani ikiwa na programu zake tayari. Ushahidi wangu ulikuwa wa macho. Hapa Mwanza mwewe hawakosekani angani, hasa ukikaribia soko la samaki la Mwaloni kule Kirumba. Siku moja vifaranga wangu kumi na mmoja, wenye umri wa siku nne, walikuwa wakichezea maji kwenye beseni mama yao akiwa nyuma ya banda. Kivuli kikapita uani. Wote wakajibana chini, shingo zimenyooka mchangani, kimya kabisa. Nani aliwafundisha? Hakuna. Basi wamezaliwa wanajua.

Nikaenda kumsimulia bibi jirani, aliyefuga bata tangu sijazaliwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaja uani kwangu, akafungua mwavuli wake ghafla juu ya vifaranga. Wakalala chini vilevile, shingo zilezile, kimya kilekile.

“Mjukuu wangu,” akasema, “kwani mwavuli nao unakula bata?”

Wazo nililokuwa nikilitangaza sikulitunga mimi. Lina baba wawili wenye majina makubwa. Mwaka 1937, Konrad Lorenz, Mwaustria, na Niko Tinbergen, Mholanzi, walikuwa Altenberg, karibu na Vienna, nyumbani kwa kina Lorenz. Walifunga kamba juu, wakawa wanapitisha maumbo ya ndege waliyoyakata wenyewe, huku wakiwatazama bata bukini, bata mzinga na ndege wengine waliokuwa chini. Umbo lililopata umaarufu lilikuwa na ujanja wake: mabawa katikati, upande mmoja mfupi, upande wa pili mrefu. Likivutwa ule mfupi ukitangulia, unaona shingo fupi na mkia mrefu, yaani ndege mla nyama. Likivutwa kinyume chake, shingo inakuwa ndefu na mkia mfupi: bukini anayekwenda zake. Umbo ni lilelile, kilichobadilika ni mwelekeo tu. Na ndege wa chini, kwa jinsi kisa kilivyokuja kusimuliwa, walihaha kwa safari ya kwanza na kuendelea kula kwa safari ya pili.

Ni jaribio zuri mno, na pengine uzuri huo ndio ulioliponza. Vitabu vya kiada vililichukua pamoja na mchoro wake, na wachoraji wa maumbo wenyewe mwaka 1973 wakapata Tuzo ya Nobel kwa mchango wao wote katika elimu ya tabia za wanyama, wakiwa na Karl von Frisch. Kitu ambacho vitabu havikubeba ni kwamba wale wawili hawakukubaliana hata kuhusu walichokiona. Tinbergen alishikilia shingo fupi. Lorenz aliandika kwamba waliojali umbo ni bata mzinga tu. Wengine walishtushwa zaidi na namna kitu kinavyokwenda, kwa mfano kikielea taratibu bila kupiga mabawa. Mimi nilisoma mchoro, sikusoma ugomvi.

Mwaka 1961 Wolfgang Schleidt, aliyekuwa amefanya kazi na Lorenz, alirudi kwenye swali lile kwa bata mzinga waliolelewa ndani bila kuona anga. Hawa aliwaonyesha maumbo mbalimbali yakipita juu, yakiwemo ya kawaida kabisa kama duara. Mengine aliyapitisha mara nyingi, mengine mara chache. Mwanzoni ndege waliogopa kila kitu. Baada ya muda waliacha kuogopa kile kilichopita mara nyingi, wakaendelea kushtuka kwa kile kilichokuja kwa nadra. Duara likiwa adimu, duara ndilo lililokuwa mwewe.

Hapo Altenberg ikaeleweka upya. Bukini walikuwa wakiruka juu ya uwanja ule kila siku. Ndege wala nyama walipita mara mojamoja. Ndege wa kufugwa hawakuhitaji kuzaliwa na picha yoyote. Walihitaji tu kuwa wamewazoea bukini.

Neno lenyewe ndilo hilo, kuzoea, na linastahili kukaliwa kidogo kwa sababu tunalitumia kila siku bila kuliangalia. Fikiria nyumba iliyo kando ya barabara. Bodaboda mia zikipita asubuhi hadi jioni, hakuna anayeinua kichwa. Ipite helikopta moja, mtaa mzima uko nje, watoto wanaikimbilia, wazee wameweka mkono juu ya macho. Hakuna mtoto aliyezaliwa na picha ya helikopta. Wala helikopta haina sauti ya siri inayogusa damu. Ila bodaboda zimeshafutwa kwenye orodha ya mambo ya kushangaza, helikopta bado haijafutwa. Hamisha familia hiyo ikakae karibu na uwanja wa ndege, na baada ya mwezi ni mgeni peke yake atakayetoka nje.

Usidhani kuzoea ni kuchoka au masikio kuziba. Anayelala kando ya reli hasikii treni ya saa nane usiku, lakini sahani ikidondoka jikoni anaruka kitandani. Masikio ni yaleyale. Alichojifunza ni kufuta kitu kimoja mahususi, na kuacha vingine vyote vikiwa na uwezo wa kumwamsha. Kifaranga wa bata naye anaanza maisha na orodha ndefu isiyofutwa: kunguru, njiwa, jani la mgomba likipepea, mwavuli, nguo inayoanikwa. Kila kinachopita mara nyingi bila madhara anakifuta. Mwewe anabaki kwenye orodha si kwa sababu anajulikana, bali kwa sababu hajapita vya kutosha kufutwa. Nilimwomba bibi aje na mwavuli wake kila siku. Siku ya sita vifaranga waliinua jicho moja tu. Siku ya tisa hata hilo jicho hawakuliinua.

(Hilo la jicho moja si lugha ya picha. Macho ya bata yako ubavuni, na bata mwitu mwenye kichwa cha kijani amepimwa akaonekana anaona anga lote juu yake bila kugeuka. Akitaka kutazama kitu vizuri huinamisha kichwa upande, jicho moja juu, kama fundi saa.)

Sasa nijirudi kidogo, maana kusahihisha kosa kwa pupa ni njia ya kutengeneza kosa la pili. Mwaka 1980 watafiti Mueller na Parker waliwapima mapigo ya moyo vifaranga wa bata mwitu ambao hawakuwa wameona chochote angani, wakakuta mapigo yaliyumba zaidi kwa umbo la ndege mla nyama kuliko la bukini. Kwa hiyo huenda kuna upendeleo mdogo wa kuzaliwa nao, ambao kuzoea kunajengwa juu yake. Schleidt aliirudia hadithi nzima mwaka 2011 pamoja na wenzake wawili, wakieleza historia ya majaribio yale. Tena ndege waliopimwa ni bata mzinga na bata mwitu. Bata wengi wa uani kwetu, wale wenye nyama nyekundu usoni na dume lisilolia bali kufoka, asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mababu zao hawakuwahi kuruka chini ya mwewe wa Ziwa Victoria. Kama walibeba picha, si ya huyu.

Na mwewe? Hapa ndipo elimu hii iliponigharimu. Kwa kuwa nilidhani woga ni kitu cha kuzaliwa nacho, nilidhani pia ukimpata mwewe woga wake umempata moja kwa moja. Nikatundika sidii saba za filamu za zamani kwenye mwarobaini. Siku ya kwanza alikuja, akaona ule mmeto, akakata kona kali hadi nikacheka. Wiki nzima hakusogea. Wiki ya pili alikuwa akizunguka juu zaidi, akitazama. Wiki ya tatu alitua kwenye kamba ya sidii yenyewe, akajikuna, akashuka, akaondoka na kifaranga mmoja. Sidii zilikuwa zinameta vizuri tu.

Mwewe amezoea, kwa namna ileile bata alivyozoea mwavuli. Sanamu la mtu, chupa zilizofungwa mtini, bundi wa plastiki, vyote vina maisha ya siku kadhaa, na vinaongezeka siku kidogo ukivihamisha kila mara, kwa kuwa kilichohama kinaanza upya kuwa cha ajabu. Wapo wafugaji wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau, na wengi huapa kwamba inasaidia. Inawezekana, kwa sababu ileile: mwewe hana kumbukumbu ya kula kitu cha zambarau. Ila kama ni hivyo tu, rangi nayo itaisha nguvu siku mwewe mmoja atakapojaribu akaona ni kifaranga wa kawaida.

Kinachodumu ni kile kisichomtegemea mwewe aogope. Kwetu wa zamani walikuwa nacho: tenga. Vifaranga na mama yao chini ya tenga lililofunikwa, jiwe juu, kibeseni cha maji ndani. Tope litakuwepo, bata ni bata. Kwa eneo kubwa nilipewa wavu mkuukuu wa sato na mvuvi, nikautandaza juu ya ua kwa nguzo sita. Uvutwe ukaze. Ukilegea unanasa kila kinachoruka, na kumnasua njiwa asubuhi na mapema si kazi ya kuchangamsha. Asiye na wavu anaweza kukatizakatiza kamba juu ya ua, kwa kuwa mwewe hashuki kama mtu anayeruka ukuta. Anakuja kwa kasi, ananyakua kwa miguu bila kutua, anatokea upande wa pili. Mzibie njia ya kutokea, umeshamharibia hesabu. Mbaazi zilizopandwa pembeni nazo zinawapa vifaranga pa kukimbilia. Kuhusu nyama yenye sumu, ambayo wengine huitupa nje: mwewe hula mizoga, panya na makapi ya samaki, na sumu hiyo haichagui kati yake, mbwa wa jirani na kuku wako mwenyewe.

Kosa jingine la kawaida nilipitie haraka. Mwewe wetu huyu wa kahawia, mwenye mdomo wa njano na mkia wenye panda, habebi bata mkubwa. Mabawa yake yanadanganya. Mwenyewe kwa kawaida hafikii kilo moja, wakati jike la bata hufika kilo mbili na dume hupita nne. Yupo tai anayeweza kumuua bata mzima, lakini huyo si mgeni wa kila siku mjini. Na ukiamka ukute bata mzima ametoweka usiku, mwache mwewe alale, maana huwinda mchana tu. Tafuta kicheche, au mbwa, au mtu.

Hatari ya mwewe basi ni ya majuma ya mwanzo, na hapo kuna kitendawili ambacho bado kinanifurahisha. Chini ya wavu, vifaranga wangu wa sasa wanamwona mwewe akipita mara kumi kwa siku bila lolote kutokea. Siku za kwanza walilala mchangani. Sasa wako wiki ya nne, na jana alipita kwa urefu wa paa, kivuli kikakata beseni katikati, na hakuna hata mmoja aliyetoa mdomo majini. Wavu unawalinda na wakati huohuo unawafundisha kwamba mwewe ni bodaboda. Nimepanga kuuondoa wiki ya nane. Kwa kuwalisha vizuri watakuwa wameshapita kilo moja, na mwewe ndiye atakayelazimika kuwazoea.