Ukuaji wa miji: nyumba kwanza, mtaro baadaye

"Ukuaji wa miji" ni jina la mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mji wenyewe kutanuka: wakazi wanaongezeka na majengo yanasogea nje. La pili ni uwiano, yaani katika kila watu 100 wa nchi, wangapi wanaishi mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na takriban 35 katika kila 100 walikuwa mijini. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Gawanya ongezeko hilo kwa siku za miaka kumi utapata watu 280 hivi wapya kila siku.

Si wote waliotoka mikoani. Mji hukua kwa wahamiaji, kwa watoto wanaozaliwa humo humo, na kwa vijiji unavyovimeza. Mzee wa Goba au Chanika anaweza kuwa mtu wa mjini bila kufunga mzigo: mikorosho imekatwa, shamba limegawanywa viwanja, na majirani wamemfuata alipo.

Madhara mengi tunayoyalaumu wingi wa watu yanatokana na kitu gani kilitangulia. Mji uliopangwa huanza na upimaji, kisha barabara, mtaro, bomba la maji safi na la majitaka, ndipo nyumba. Sehemu kubwa ya Dar imekwenda kinyume. Shamba linauzwa kwa kupimwa kwa hatua za miguu, "ishirini kwa ishirini", mashahidi wanatia saini mbele ya serikali ya mtaa, na kati ya kiwanja na kiwanja panaachwa kichochoro cha kupita mtu na baiskeli. Nyumba inasimama. Umeme unakuja, maji yanafuata, na mtaro ndio wa mwisho, tena pale tu patakapopatikana nafasi.

Kitazame kiwanja kimoja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika si ya ajabu, inamwaga hapo lita 20,000, sawa na madumu 1,000. Palipokuwa na mchanga, nyasi na miti, sehemu kubwa ilinywewa na ardhi. Sasa pana nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, jiko na choo uani, na safu ya vyumba vya kupangisha iliyoongezwa ubavuni. Uwanja umesakafiwa ili kuondoa tope. Bati na saruji havinywi chochote, kwa hiyo karibu maji yote yanatoka mlangoni kwenda kichochoroni. Zidisha kwa viwanja mia vya mtaa huo.

Maji hayo yanaishia bondeni. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani unabeba mchanga wa ardhi iliyofyekwa. Ukifika Jangwani mteremko unakwisha, maji yanapungua kasi, mchanga unatua na kitako cha mto kinapanda. Makalavati yakiwa na chupa na mifuko, hata mvua ya kawaida inatosha kufunga Barabara ya Morogoro. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu 40 hivi, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Chini ya ardhi mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hayaonekani. Wakazi wengi hawana bomba la majitaka, wanategemea choo cha shimo. Ushauri unaotumika sana ni kwamba shimo likae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe mita 1.5 au zaidi juu ya usawa wa maji ya ardhini. Sasa pima: kwenye kiwanja cha 20 kwa 20, kutoka kona hadi kona ya pili ni mita 28 tu. Kisima na choo haviwezi kutimiza kanuni hiyo ndani ya kiwanja kimoja, hata kabla hujahesabu mashimo ya majirani. Shimo likijaa na gari la kunyonya halipiti kichochoroni, wapo wanaosubiri mvua kubwa na kutapisha: wanatoboa ukuta wa shimo, na kinyesi kinaondoka na mafuriko kwenda kwa walio chini. Kipindupindu hupata njia hapo.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo, kila chumba ni kaya. Kaya sita zinagawana choo kimoja na foleni ya asubuhi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo asiye na akiba husukumwa nje ya mji, kisha analazimika kuamka saa kumi usiku kuwahi Kariakoo. Watoto wanaachwa na dada wa kazi au jirani. Shangazi na bibi waliokuwa wakiwalea wako mbali.

Mji unakula pia misitu usiyoiona. Tanuri la mkaa la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kilo 100 za kuni, nyingine zote zinapotea. Watafiti waliofuatilia misitu kati ya 1991 na 2005 walikuta mpaka wa uharibifu ukisogea mbali na Dar es Salaam kwa takriban kilomita 9 kila mwaka.

Na bado mji una faida ya kweli. Mita 100 za bomba mjini zinahudumia kaya nyingi kuliko kilomita kadhaa kijijini, na hospitali ya rufaa haiko safari ya siku nzima. Faida hiyo inapatikana kwa urahisi pale njia zilipotengwa mapema. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar mwaka 2002 ulifanya hivyo: ardhi ilipimwa na barabara zikatengwa kabla ya ujenzi. Kasoro yake ilikuwa bei, kwani maskini wengi hawakuimudu wakabaki kununua viwanja vya kupimwa kwa hatua za miguu.

Kupitisha mtaro baadaye kuna gharama nyingine. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini nyumba nyingi zilishajengwa humo. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, bonde la Msimbazi lilipobomolewa, waliokuwa humo waliziona kuta zao zimechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, baada ya miaka ya kuishi, kulipia umeme na kusomesha watoto hapo hapo.