Gari kumisi maana yake nini, hasa likiwa la zamani

Fundi akisema "hii inamisi" anamaanisha kwamba kuna silinda, yaani chumba ndani ya injini mafuta yanamowaka, ambayo zamu yake ya kuwaka ilifika ikapita bila kuwaka. Anachokutajia hapo ni dalili, kama homa. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa jino, na aliyekupima joto tu bado hajakwambia unaumwa nini. Kwa hiyo huwa nashangaa mtu akisikia neno hilo anakimbilia dukani kununua plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta.

Injini ya petroli ya kawaida huenda kwa hatua nne: inavuta hewa na mafuta, inagandamiza, inawasha, inatoa moshi. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, mhimili unaozungushwa na silinda zote. Chukua Datsun 240Z, gari la michezo lililoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Injini yake ina silinda sita kwenye mstari mmoja, ukubwa wa lita 2.4, na zinapokezana kuwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Likiwa kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, tuseme mizunguko 750 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kuwaka zaidi ya mara sita kwa sekunde. Moja ikilala, injini inachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja, na utaiona gia liva ikicheza peke yake.

Gari jipya lingekuwashia taa kwenye dashibodi, na mashine ya kupima ingekutajia hata namba ya silinda. La zamani halina kompyuta. Unalisikiliza, unalishika.

Niliwahi kushinda kwenye gereji moja huku Kizota, Dodoma, chini ya mwarobaini, mzee mmoja akaingia na 240Z yake kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Imeanza kumisi tangu Gairo. Nimekuja na plagi sita mpya, nifungie."

"Mzee, tukifunga zote sita ikapona, hatutajua ilikuwa nini. Na isipopona je?"

Mzee akacheka, akaweka boksi lake kwenye kiti cha nyuma ya meza ya fundi.

Swali la kwanza ni silinda ipi. Wengi huchomoa waya za plagi moja moja injini ikiunguruma: ukichomoa waya mlio ukashuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi; usipobadilika, umempata mvivu. Njia hiyo ni nzuri lakini ina adabu zake, maana koili huinua umeme wa betri ya volti 12 ukafika maelfu kwa maelfu ya volti, na mkono wenye jasho unaujua upesi. Huyu fundi alifanya kitu nilichokipenda zaidi. Aliacha injini ipoe, akaiwasha dakika moja tu, kisha akadondosha maji kwa ncha ya kidole kwenye kila bomba la moshi linalotoka kwenye injini. Tone likachemka na kupotea: la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kwenye la tano tone likakaa, likateleza taratibu hadi chini. Matone tu, jamani, sio kikombe. Chuma cha moto kikimwagiwa maji kwa ghafla huweza kupasuka.

Swali la pili ni kwa nini, na majibu yako kwenye mafungu matatu: moto, yaani cheche ya umeme, mchanganyiko wa mafuta na hewa, au kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza ndani ya silinda. Fundi alihamisha plagi ya tano kwenda ya pili. Kama kumisi kungehamia ya pili, plagi ndiyo mwizi. Hakukuhama. Akahamisha waya, bado. Akafungua kofia ya distributa, kifaa kinachogawa umeme wa koili kwa kila plagi, akaipangusa kwa kitambaa, akaielekeza juani. Ndani, kutoka kwenye kituo cha namba tano kwenda kwa jirani yake, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele. Kofia ilikuwa na ufa, ufa ukashika kaa, na umeme wa tano ulikuwa unapita njia ya mkato badala ya kwenda kwenye plagi. Usiku, injini za hivi huonyesha zenyewe: zima taa, fungua boneti, utaona cheche za buluu zikitambaa pasipotakiwa.

Moto ungekuwa mzima, angeangalia mchanganyiko. 240Z ina kabureta mbili, vifaa vinavyochanganya petroli na hewa; ya mbele inalisha silinda 1 hadi 3, ya nyuma 4 hadi 6, kwa hivyo zikilala tatu za upande mmoja huna haja ya kugusa plagi. Kabureta ikipiga chafya, mara nyingi mafuta ni kidogo au kuna hewa inaingia kwenye gasketi. Kompresheni hupimwa kwa geji. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi; ikiwa moja, weka oili kidogo ndani upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, angalia valvu.

Kofia ikabadilishwa, tone la tano likachemka kama wenzake. Lakini sailensa bado ilikuwa nzito, na plagi zote sita zilitoka na masizi meusi. Zote sita, kwa hiyo hapo hatutafuti silinda tena. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua kama moja ya kumi ukilinganisha na pwani, na kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hailijui hilo: inaendelea kumimina petroli ile ile. Juu yake kulikuwa na chujio la hewa lililojaa vumbi letu jekundu.

Fundi alikung'uta chujio, akapandisha nati ya mchanganyiko iliyo chini ya kila kabureta robo raundi ili petroli ipungue, akasikiliza, akaongeza kidogo. Mzee akachukua boksi lake la plagi, akaomba arudishe dukani.